Ni Nani Aliyepo Ninaposema "Nipo"?

Mtu akinisalimu njiani, "Habari za siku nyingi?", mara nyingi humjibu kwa neno moja: "Nipo." Ukilitazama vizuri, jibu hilo ni la ajabu. Anayenisalimu ananiona kwa macho yake. Hakuuliza kama nipo. Wakati mwingine tunaongeza "tu", tukasema "Nipo tu", yaani sina jipya, siku zinapita nami nimekaa pembeni nikizitazama. Neno ambalo wanafalsafa wameliandikia vitabu vizima, sisi tunalitumia kumaliza mazungumzo haraka ili kila mtu aendelee na safari yake.

Walimu wetu wa sarufi wametueleza kwamba lugha hii ina viambishi vitatu vya mahali. "Nipo" ni mahali panapojulikana, "niko" ni mahali pasipo bayana, "nimo" ni ndani ya kitu. Hata tunapotaka kusema kwamba Mungu ni wa kweli, tunasema "Mungu yupo", na ile po inabaki palepale, kana kwamba hakuna awezaye kuwapo bila kuwapo mahali. (Naandika "kuwapo" wala si "kuwepo", wahadhiri wanaopenda lile la pili wanisamehe.) Katika insha hii nataka kuuliza swali moja: mtu anayekaa kimya na kutafakari hadi akatambua kwa dhati kwamba yupo, ametambua nini hasa? Na utambuzi huo unamdai nini, au unamsamehe nini?

Nilianza taamuli kwa sababu isiyo ya kifalsafa hata kidogo. Nilikuwa sipati usingizi wakati wa mitihani. Mwanafunzi mwenzangu aliyetoka Dar es Salaam alinifundisha njia aliyoijua yeye: kaa sakafuni mgongo ukiwa wima, funga macho, fuata pumzi inavyoingia na kutoka puani, akili ikitoroka, irudishe bila kuigombeza. Basi. Dakika ishirini kila alfajiri, kabla bweni halijaamka na foleni ya mabomba haijaanza. Njia hiyo haina siri. Wabudha wanayo tangu kale, nao wana hekalu lao Upanga, Dar es Salaam, ambako taamuli hufundishwa. Masufi wa pwani yetu wana murakaba, ambamo mja huketi akijua kwamba anatazamwa na Mola wake. Watawa wa Kikristo wa mashariki walijifunza kuifunga sala fupi kwenye pumzi. Sitaki kuwachanganya wote chungu kimoja, maana mwenye murakaba hajitafuti yeye mwenyewe, na Mbudha anaweza kukuambia kwamba hakuna wa kutafutwa. Nasema tu kwamba kukaa kimya si uzushi wa juzi, wala si mali ya bara moja.

Wiki za mwanzo nilikutana na takataka zangu: wimbo wa redio, deni la kantini, sauti ya mhadhiri akiuliza swali nisilolijua. Baadaye, asubuhi moja isiyo na lolote la pekee, nilikuwa nikisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bomba la nje. Tone, kimya, tone. Ghafla nikatambua kwamba kuna kusikia. Nasema "kuna kusikia" kwa makusudi, kwa sababu hapakuwa na sauti ya ndani iliyosema "mimi nasikia". Mawazo yalikuwapo, maumivu ya goti yalikuwapo, matone yalikuwapo, na vyote hivyo vilikuwa vikimtokea mtu ambaye hadi siku hiyo sikuwa nimemhesabu. Kuna hadithi inayosimuliwa kwa namna nyingi duniani, ya watu kumi waliovuka mto. Kila mmoja akawahesabu wenzake akapata tisa, wakaangua kilio kwamba mmoja amezama, kumbe kila mhesabuji amejisahau. Niliielewa hadithi hiyo asubuhi ile, ingawa nilikuwa nimeicheka tangu utotoni.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitutaka tumfikirie mtu aliyeumbwa akielea hewani, haoni, hasikii, hata viungo vyake havigusani. Je, mtu huyo atajua kwamba yupo? Ibn Sina alijibu kwamba atajua, hata kama hajui kwamba ana mkono. Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637, alifika karibu na hapo kwa njia ya shaka: nikitilia shaka kila kitu, siwezi kumwondoa yule anayetilia shaka. Kisha akaja David Hume mwaka 1739 akasema kwamba kila alipojichungulia ndani alikuta joto au baridi, mapenzi au chuki, lakini huyo "mimi" hakumwona hata mara moja.

Kwa maoni yangu, Hume alichungulia vizuri, ila alitarajia kitu kisichowezekana. Kwetu Ziwa Mweru wavuvi wa chisense, dagaa wetu wadogo, hutoka usiku na taa. Taa huangaza maji, na samaki huja kwenye mwanga. Lakini ukiwa ndani ya mtumbwi, miguu yako huioni. Wahenga walisema chini ya taa kuna giza. Hume aliiona nuru ikiangukia kila kitu, akalalamika kwamba hakuiona taa ikijiangazia yenyewe.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimeandika insha ya kawaida: mwanafunzi anakaa kimya, anajitambua, anapata amani. Lakini mimi ni mtu wa Mweru, upande wa Nchelenge. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na Kiswahili nilikisikia kwanza kwa wafanyabiashara wa soko la Kashikishi, nikijifunza kuhesabu samaki kabla sijajua kwamba lugha hiyo ina ngeli. Ndugu wa mama yangu wako kusini kwetu, Mwansabombwe, kwenye makao ya Mwata Kazembe. Na katika bonde lile la Luapula neno "mimi" lina tabia ambayo Descartes hakukutana nayo.

Mzee wa ukoo akikusimulia historia, hasemi "babu zetu walivuka mto". Anasema "nilivuka mto. Nikamkuta fulani. Akaninyima ardhi, nikapigana naye." Anazungumzia mambo ya karne mbili au tatu zilizopita. Mgeni anayesikia mara ya kwanza hudhani kwamba mzee amechanganyikiwa. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyefanya utafiti Luapula mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu juu ya watu wa huko mwaka 1959, aliieleza desturi hii kwa undani. Mtu akifa, jina lake na nafasi yake hurithiwa. Kibemba huita jambo hilo ukupyana. Mrithi hapewi mali peke yake. Anapewa undugu wote wa marehemu: aliyekuwa mtoto wa marehemu sasa ni mtoto wake, aliyekuwa ndugu mdogo wa marehemu ni mdogo wake, hata akiwa na mvi. Na kwa kuwa marehemu naye alirithi jina hilo kwa mwingine, mrithi anabeba mnyororo mzima, naye ana haki ya kusema "nilivuka".

Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, aliacha historia ya watu wake kwa Kibemba, iliyochapishwa mwaka 1951. Jina la kitabu, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake ni "Wahenga Wangu na Watu Wangu". Na kila mwishoni mwa Julai, kwenye sherehe ya Mutomboko, Mwata hushuka kwanza kwenye mto Ng'ona kuwapa chakula na kinywaji wale wa zamani waliozama majini katika safari ya kutoka magharibi. Baadaye hucheza mbele ya umati, shoka na upanga mikononi. Nimesimama katika umati huo zaidi ya mara moja, nikala vumbi lake. Ukiuliza ni nani anayecheza pale, jibu la kusema "ni Mwata wa 19" ni sahihi, lakini ni fupi mno kuliko jambo lenyewe.

Sasa nieleze kwa nini swali hili si la darasani tu kwangu. Mwaka juzi mjomba wangu, kaka wa mama, alifariki. Kwetu jina hufuata upande wa mama, kwa hiyo mrithi hutafutwa miongoni mwa wapwa. Wazee walikaa, wakanitaja mimi. Mpwa aliyenitangulia anafanya kazi Kitwe, na walikwisha kumpa jina jingine miaka ya nyuma. Anatuma pesa kila mwisho wa mwezi, simu hapokei. Mama aliniambia kwa upole kwamba yule jina analo, ila hayupo.

Nilikwenda kwa bibi nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu wa kukaa kimya alfajiri, na nilikuwa na hoja yangu mkononi.

"Bibi," nikasema, "mimi siye mjomba. Kila asubuhi nakaa nikijitafuta ndani, na huko ndani sijamkuta."

Bibi alikuwa akipepeta mihogo iliyokauka. Hakuinua macho. "Mjukuu wangu, na wewe mwenyewe umejikuta?"

Nilinyamaza, maana jibu la kweli lilikuwa la Hume. Nilikuwa nimekuta kusikia, kupumua, kuwapo. Mtu mwenye jina langu na cheti changu cha kuzaliwa sikuwa nimemkuta.

"Basi," akasema, "kumbe nafasi ipo."

Wenzangu niliowasimulia walicheka, nami nilicheka. Lakini nililifikiria jibu hilo kwa miezi. Mimi nilikuwa nikiutumia utambuzi wa taamuli kama hati ya kumiliki: nimefika kwenye "mimi" halisi, na humo ndani hamna ukoo. Bibi, ambaye hajawahi kusikia habari za Hume wala za Wabudha, aliona mara moja kwamba hati ile haina jina la mwenye mali. Kama kilichopo katika ukimya hakina jina, basi hakina jina langu pia. Siwezi kukitumia kulikataa jina la mjomba huku nikiendelea kulishikilia lile nililopewa na baba yangu nikiwa na siku chache duniani, bila mimi kuulizwa.

Hapa rafiki yangu mmoja wa sheria aliniwekea pingamizi. Alisema urithi wa jina ni utaratibu tu, kama kampuni inavyobaki na madeni yake mkurugenzi akifa. Hakuna fumbo, ni njia nzuri ya kuhakikisha wajane na watoto hawatupwi. Pingamizi lake lina nguvu, na kwa mambo mengi linatosha. Halikutosha siku nilipokutana na mdai.

Alikuwa mvuvi wa makamo, jirani wa mjomba. Alikuja jioni, akaketi kwenye kigoda, akanisalimu kwa heshima kuliko umri wangu unavyostahili. Kisha akasema: "Uliniambia utanilipa nyavu zangu kabla ziwa halijafungwa." Ziwa letu hufungwa kwa uvuvi tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Mtu huyu alikuwa amebeba jeneza la mjomba begani mwake. Hakuchanganyikiwa. Alijua vema nani kafa, na bado alisema "uliniambia". Angeweza kuniambia kwamba marehemu alikuwa na deni, nami ningelitazama deni hilo kama afisa anavyolitazama faili. Badala yake aliniita. Na kuna kitu ndani yangu kiligeuka kuitika kabla sijaamua kama niitike, kama shingo inavyogeuka ukisikia jina lako sokoni. "Nitakulipa," nikasema. Kilichosikia mwito ule ndicho kilekile kilichosikia matone ya bomba.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kuna mambo mawili ambayo neno "mimi" linayafunika pamoja. Kuna yule anayeitwa, na kuna yule anayesikia. Yule anayeitwa sikumuumba mimi. Ni po, ni mahali, pamechongwa na wengine kabla sijazaliwa, na wengine watapakalia nikiisha kuondoka. Yule anayesikia hakuna mzee awezaye kunipa, wala mkutano wa ukoo hauwezi kumrithisha. Mpwa wa Kitwe alipewa mahali, na wazee hawakuwa na njia ya kumpa kuwapo. Taamuli nayo ilinionyesha kuwapo, lakini haikunipa mahali. Ningeweza kukaa sakafuni miaka kumi, nikawa stadi wa kuwapo pasipo popote. Sarufi yetu, nilivyosema, inakaidi hilo.

John Mbiti, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya vyombo vya kufikiria wakati. Marehemu anayekumbukwa kwa jina, alisema, bado yumo katika sasa. Akisahauliwa na wa mwisho aliyemjua, huzama katika zamani. Mbiti amekosolewa kwa kulijumlisha bara zima, na ukosoaji huo ni wa haki. Hata hivyo nadhani kwa Luapula alikaribia. Nami naongeza jambo moja ambalo wapenzi wa kauli za "sisi kwanza, mimi baadaye" hulipita haraka: ili marehemu abaki katika sasa, lazima pawepo mtu ambaye kweli yumo katika sasa hiyo. Sherehe ikichezwa na watu ambao akili zao ziko kwenye simu zao, zamani inameza wote, wafu na walio hai. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema taamuli ni ubinafsi wa kuiga. Inategemea ukiinuka sakafuni unakwenda wapi.

Nililipokea jina. Lakini kuna jambo gumu zaidi ya deni la nyavu.

Ufalme wa Kazembe ulikuwa mkubwa kwa sababu ya biashara. Shaba, pembe za ndovu, na watu. Wareno walifika kutafuta njia: Lacerda alikufa huko mwaka 1798, Gamitto akaja mwaka 1831. Kutoka pwani yetu walikuja wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu. Livingstone alipofika Novemba 1867 alimkuta Mohamad bin Saleh, mtu wa pwani aliyekaa huko miaka mingi bila ruhusa ya kuondoka. Watu walioteuliwa kuuzwa walitembea kutoka bonde lile hadi baharini. Lugha ninayoiandikia insha hii ilikuwa mojawapo ya lugha za bei yao.

Basi mwenye haki ya kusema "nilivuka mto" hawezi kuichagua nafsi ya kwanza kwa ushindi tu. Anayesema "nilivuka, nikashinda, nikapewa ardhi" lazima aweze kusema "niliuza". Simsikii mtu akisema hivyo kwenye Mutomboko, na simlaumu mcheza ngoma; sherehe ina kazi yake. Ukoo wangu ulikuwa wa wadogo, na yawezekana katika mnyororo wa jina langu wamo waliouzwa kuliko waliouza. Lakini desturi yenyewe, nikiichukua kwa uzito kama ninavyoichukua, hainiruhusu kujibu "hao walikuwa wao".

Nimejaribu kukaa na neno hilo alfajiri. Silisemi kwa sauti. Nalileta tu, kama mtu anavyoleta pumzi: niliuza. Mwili hulikataa kwanza; tumbo hukaza, na hoja hujipanga mstari, kwamba sikuwapo, kwamba ni wafalme, kwamba ni soko la dunia. Nyingi ni hoja za kweli. Naziacha zipite kama nilivyojifunza kuacha wimbo wa redio upite. Baada ya hoja hizo hubaki kusikia, na kusikia hakujitetei. Huko hakuna anayesema "si mimi", na hakuna anayesema "ni mimi". Neno linasikiwa hadi mwisho wake, mabomba yanaanza kulia nje, na mtu anapiga hodi mlangoni akiniita kwa jina la mjomba, kwa maana habari zimekwisha kufika hata bwenini.